Ule "uchafu" niliokuwa naupiga vita labu

Mbukwa shoga yangu,

Za Kibaigwa? Mashine inakamua au umeme bado unakusumbua? Mi mzima, ila baridi ya Dodoma mwezi wa sita si unaijua, upepo na vumbi, natoka asubuhi na kitenge juu ya koti la labu. Ile voisi yako nimeisikiliza mara tatu, umeuliza wenye viwanda wanafanyaje mpaka mafuta ya alizeti yanaganda kama siagi na ya kwako yanabaki maji hata usiku wa baridi, nkaona hili siwezi kulijibu kwa voisi ya dakika moja maana umegusa kitu ambacho mwaka huu mzima kinaninyima usingizi.

Jibu fupi ni haidrojeni. Mafuta yako yana mikia mirefu ya kaboni, alafu mingi ina dabo bondi mbili, yani sehemu mbili ambapo kaboni zimeshikana mara mbili, zile tulizochora fomu siksi mpaka vidole vinauma. Hizo bondi zinaupinda mkia, mikia iliyopinda haipangiki vizuri, ndo maana mafuta hayagandi. Ukiingiza haidrojeni kwenye hizo bondi mkia unanyooka. Sasa haidrojeni na mafuta ukivichanganya tu hivihivi havifanyi kitu, lazima kuwe na metali fulani, mi naiita chuma tu, ya kuzitenganisha zile atomu mbili za haidrojeni zilizoshikana. Mfaransa Paul Sabatier alianza kuiona hii kazi kwa unga laini wa nikeli mwaka 1897, akaja kupewa Nobel 1912, na Mjerumani Wilhelm Normann akachukua hatimiliki ya kugandisha mafuta mwaka 1902. Na zile transifati, yale mafuta mabaya wanayotukataza kliniki, zinatokea hapohapo juu ya nikeli: mkia unapokea haidrojeni moja, unajizungusha, alafu kabla haujapata ya pili unairudisha ile ya kwanza na kuondoka ukiwa umekaa vibaya. Yani kila kitu kinaamuliwa pale juu, kwenye ngozi ya chuma.

Mimi natumia paladiamu, chuma kingine cha kazi hiyohiyo, na chembe zangu ni za nanomita 2 hivi, unywele wa mtu ni mnene kuliko hizo kama mara 40,000. Kwenye chembe ndogo hivyo karibu nusu ya atomu zote ziko nje, ndo uzuri wake maana paladiamu ni ghali na atomu iliyojificha ndani haigusani na chochote. Shida ni kwamba vitu vidogo hivi vinapenda kushikana, ukiviacha uchi vinaungana vinakuwa madonge, kwahiyo wakati wa kuzitengeneza tunazivisha molekuli zenye kichwa kinachong'ang'ania chuma na mkia unaoning'inia nje. Tunaziita ligandi. Zangu ni amini, yani zenye kichwa cha naitrojeni, na mkia wa kaboni 18.

Sasa sikiliza. Toka naanza niliambiwa, na nikaamini kabisa, kwamba hizo ligandi ni za kutengenezea tu, ukishamaliza zioshe, zichome, zitoe zote, maana zinaziba chuma na haidrojeni haipiti. Nkazioshaaa. Nkaona haitoshi, nkaweka kwenye tanuru nyuzi 400. Asubuhi nimefungua unga umekuwa kijivu umeshikana, chembe zimeyeyukiana, kazi ya wiki tatu imekwenda, nilikaa chini pale pembeni ya sinki nikalia shoga, sikufichi.

Ila kabla ya kutupa nkasema acha nijaribu. Nikachukua ule uliochomwa na ule ambao sikuuosha kabisa, nikavipa kazi ileile, puto la haidrojeni juu ya chupa, ndani kuna molekuli yenye bondi tatu, yani kaboni mbili zimeshikana mara tatu, ambayo nataka ipunguziwe moja tu, ibaki na mbili. Ule uliochomwa ukapitiliza, ukajaza haidrojeni mpaka bondi zote zikaisha, hapakubaki kitu ninachokitaka. Ule mchafu ulienda polepole kweli, ila ulifika kwenye mbili ukasimama, karibu wote. Nikarudia mara nne maana nilidhani nimebadilisha chupa.

Kinachotokea, kwa ninavyoelewa sasa, ni vitu viwili pamoja. Kwanza ile amini inakipa chuma elektroni kidogo, na chuma kilichopewa elektroni hakiishikilii sana ile molekuli ya bondi mbili, inaachiwa mapema kabla haijaongezewa haidrojeni nyingine. Pili ni nafasi. Fikiria soko la Majengo jumamosi, akinamama wamepanga mboga huku na huku kinjia kimebaki chembamba, ukiwa na mzigo wa kuni kichwani huwezi kupita umeuweka upande, lazima uugeuze uelekee mbele. Juu ya chuma ni hivyohivyo, ligandi zimesimama zimebanana, molekuli inayotaka kulala chali inakosa pa kulala, inalazimika kugusa kwa ncha.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mdalasini. Ile molekuli inayoipa mdalasini harufu yake ina sehemu mbili zinazoweza kupokea haidrojeni, moja katikati ni ya kaboni na kaboni, nyingine mwishoni ni ya kaboni na oksijeni. Platinamu tupu haikupi hiyo ya mwishoni peke yake, inazishika zote hovyo, na ya mwishoni ndo inatoa kitu cha manukato. Watafiti wa Colorado kule Marekani mwaka 2014 walionyesha kwamba ukiivisha platinamu thioli, hizi ni ligandi za salfa, zenye duara la kaboni mkiani na mkia wa urefu unaofaa, lile duara linavutana na duara la molekuli ya mdalasini linaisimamisha wima, na zaidi ya asilimia 90 ya inachotoa inakuwa ya kule mwishoni. Mkia ukiwa na urefu mwingine hupati hivyo. Salfa shoga! Ile tuliyokariri kwamba ni sumu ya kila kichocheo, yani vyuma vya kuharakisha kazi kama hivi vyetu.

Na kumbe wazo lenyewe la zamani, mkemia Herbert Lindlar mwaka 1952 aliichukua paladiamu akaitia madini ya risasi (ledi, sio ya bunduki) makusudi pamoja na molekuli ya kwinolini ili ipunguze kasi, na hiyo ndo njia iliyotumika kutengenezea vitamini A viwandani, ileile unayoiona imeandikwa kwenye madumu ya mafuta "yameongezwa vitamini A". Ila risasi ni sumu kwa watu, na mimi naona kama ligandi inaweza kufanya kazi ya risasi basi hatuna sababu ya kuendelea na risasi, hili nalisema kila kikao mpaka wamenizoea.

Sio kwamba nimemaliza lakini. Ligandi zikizidi kweli zinaziba, nimeshaona chupa imekaa siku nzima hakuna kilichobadilika. Alafu zinabanduka, nikitumia unga uleule mara ya tatu unaanza kupitiliza kama ule wa tanuru, kwahiyo lazima nijue ni ngapi zimebaki juu kila baada ya kazi na hilo ni gumu kupima kwa vyombo tulivyonavyo, sampuli zinaenda Dar ndo nasubiri.

Kwahiyo mafuta yako usiyagandishe, acha yabaki maji hivyohivyo, watu wa Kongwa wanayapenda. Ila nibakizie lita moja ya yale ya kwanza kabisa ambayo hujachuja, nataka nione hizi chembe zangu zikikutana na mkia wenye dabo bondi mbili zitasimama ikibaki moja au zitafanya kama nikeli. Nakuja jumamosi ijayo na basi la saa mbili, jumatatu tayari nina miadi ya kutengeneza chembe mpya za mkia mfupi, kaboni 8.

Msalimie mama, mwambie mlenda wake naukumbuka.

Wako wa labu