Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tabora: mgeni ameshuka kwenye treni, tumpeleke wapi?

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Mwangaluka. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, nakaa Cheyo. Sikuandikii habari za pensheni, hizo zina barua yake.

Mwaka jana mjukuu wangu alipita hapa na wenzake wawili wa chuo, wakielekea Kigoma. Walikuwa na siku moja mkononi. Nyumba ya wageni walikofikia wakauliza pa kutembea na kurudi kabla ya magharibi. Wakajibiwa, "Hapa hakuna kitu. Subirini Kigoma mkaone sokwe." Mjukuu akanipigia simu akicheka. Mimi sikucheka.

Tukachukua bodaboda nne hadi Kwihara. Si mbali na mjini, lakini kijana aliyenibeba, mzaliwa wa hapa hapa, alisimama mara mbili kuuliza njia. Tulipofika akaniuliza, "Mzee, kwani humu aliishi nani?" Nikamwambia zima pikipiki, tuingie wote.

Unaijua tembe ile, Mheshimiwa, nyumba ya kale aliyokaa mmisionari Livingstone: kuta nene za udongo, paa bapa, mlango wa nakshi kama ya pwani. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Wanyamwezi alipoivamia Tabora, Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alikuwa Kwihara, anatoboa matundu ya bunduki ukutani na kungoja zamu yake. Mwaka uliofuata alirudi hapo pamoja na Livingstone kutoka Ujiji. Tarehe 14 Machi 1872 wakaagana. Stanley akashika njia ya pwani, mzee akabaki kungoja wapagazi hadi tarehe 25 Agosti. Habari hizi wanafunzi wangu walizikariri, wakajibia mtihani, wakazisahau.

Kilichowafanya vijana wale wakae chini ni habari ya mwaka 1873. Livingstone alifariki Mei mosi katika kijiji cha Chitambo, leo ni Zambia. Watumishi wake, Susi, Chuma na wenzao, waliuzika moyo wake kule, wakaukausha mwili, wakaufunga kama mzigo na kuanza safari. Oktoba wakafika hapa Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora. Wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyekuwa ametumwa kumtafuta huyo huyo Livingstone. Cameron akawashauri wamzike hapa hapa, mambo yaishe. Wakakataa. Wakaubeba tena mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874.

Yule wa bodaboda akaniuliza, "Walimkatalia mzungu, naye akanyamaza?" Nikamwambia ndiyo. Akauliza tena, kama vile sikumsikia vizuri mara ya kwanza.

Basi ombi langu la kwanza ni maandishi. Waite tu Tembe ya Livingstone, jina limeshazoeleka, ingawa yeye alikuwa mgeni wa miezi sita na siku kadhaa. Lakini langoni nataka mtoto asome, kwa Kiswahili kwanza, majina ya Susi na Chuma. Asome pia kuhusu wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba pembe za ndovu begani karibu miezi mitatu kutoka hapa hadi pwani, na kurudi na marobota ya vitambaa na shanga. Na asome bila kufichwa kwamba njia hiyo hiyo walipitishwa watu waliouzwa. Hii miembe tunayoipumzikia kivulini inahusishwa na misafara hiyo. Tunakula maembe yake kila msimu na hatuulizi.

Ombi la pili ni mzunguko wa siku moja. Treni ya reli ya kati inapofika hapa inakatwa: mabehewa mengine Kigoma, mengine Mwanza, mengine Mpanda. Abiria wanasubiri, wengine wanalala mjini kungoja ya kwao. Hao ndio wateja wetu wa kwanza, kabla hatujaota watalii wa kutoka Ulaya. Asubuhi Kwihara. Kisha Itetemia, wasikie habari za Mtemi Isike wa Unyanyembe, ambaye Januari 1893, Wajerumani walipoivunja ngome yake, aliwasha baruti yake mwenyewe kuliko kukamatwa. Mchana warudi mjini wale wali kwa uyoga ukiwa ni msimu wake, na wanunue asali. (Matobolwa pia, viazi vyetu vya kukausha. Wazee wanasema jina la mji limetoka humo, na mimi naungana nao kwa sababu ya utamu tu.) Jioni Bwawa la Igombe, wakae kando ya maji kidogo jua likizama.

Mjini penyewe pana Shule ya Wavulana, alikosoma Nyerere kuanzia 1937, na habari ya mkutano wa TANU wa Januari 1958, ulioamua chama kiingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alimchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Shule si makumbusho, watoto wanasoma. Siombi ifunguliwe kwa kila mpita njia. Kibao kimoja nje ya uzio kinatosha.

Sitaji bajeti kubwa maana najua jibu lake. Naomba vibao vya njia, saa za kufungua zilizobandikwa stesheni, na vijana kumi wa bodaboda wafundishwe historia ya sehemu hizi na kupewa vizibao vya kuwatambulisha. Nauli ijulikane kabla mgeni hajapanda. Hapo ndipo tunapowapoteza wageni: anayetajiwa bei tatu tofauti kwa safari moja anarudi zake chumbani kulala.

Kuhusu kuwafundisha, mimi najitolea bila posho. Nimefundisha miaka thelathini na koo bado linatoa sauti. Jumamosi nipo nyumbani tangu asubuhi. Ukitaka kuja mwenyewe, Mheshimiwa, acha msafara wa magari ofisini. Yule kijana wa bodaboda sasa hasimami tena kuuliza njia.

Wako katika ujenzi wa mkoa,
Mwalimu mstaafu, Cheyo, Tabora