Barua ya wazi kwa mpwa wangu aliyegomea mkopo

Mpwa wangu,

Marahaba. Salamu zako nimezipata kwa mama yako, na habari nyingine nimezipata hapohapo: kwamba klabu inataka kukuazima timu nyingine, ukacheze kwa mkopo Championship, daraja la chini ya Ligi Kuu, hadi mwisho wa msimu, nawe umegoma. Umesema bora usugue benchi Ligi Kuu kuliko kwenda kukabia kwenye viwanja vya vumbi ambako hakuna hata kamera. Mama yako yuko upande wako, kwa sababu ni mama. Mimi siko.

Nakuandikia hadharani kwa kuwa ujumbe wangu wa WhatsApp huwa unausoma halafu unakaa kimya, na pia najua kuna vijana wengine wengi wenye karatasi kama hiyo mezani na mjomba hawana wa kuwasumbua.

Nataka tuongee habari za Jarrad Branthwaite, beki wa kati wa Everton. Usianze kucheka. Najua wewe ni Arsenal damu. Lakini ile Everton iliyokuja Dar Julai 2017 kucheza na Gor Mahia ya Kenya pale Uwanja wa Taifa uliiona kwa macho yako, na goli la Rooney la kutoka mbali ulilishangilia mpaka sauti ikakauka, kwa hiyo heshima kidogo. Nimemchagua yeye kwa sababu ni mshoto kama wewe, anacheza namba yako, na miaka yake ya mwanzo imejaa mambo yale yale unayoyaita mkosi. Urefu wake wa sentimita 195 huna, hilo tuliache.

Alizaliwa tarehe 27 Juni 2002 Carlisle, mji ulio kaskazini kabisa mwa Uingereza, ukivuka kidogo tu uko Uskoti. Timu ya hapo, Carlisle United, wakati anaanza ilikuwa League Two, yaani ukihesabu kutoka juu ni daraja la nne. Huko ndiko alikopewa kikosi cha kwanza akiwa na miaka 17. Fikiria beki wa miaka 17 anakabana na washambuliaji wa miaka 30 na kitu, watu wazima wenye familia, ambao bonasi ya ushindi ndiyo kodi ya nyumba. Hao hawakuchezei mpira wa chandimu. Kiwiko kinakuja, kiatu kinakuja, na refa anaangalia pembeni. Mechi zake za ligi pale hazikufika hata kumi, Januari 2020 Everton wakamchukua kwa ada iliyoripotiwa kuwa karibu pauni milioni moja. Kocha wa Everton wakati huo alikuwa Carlo Ancelotti.

Hapo ndipo wengi wenu mnapodhani safari imefika. Picha umepiga na jezi, followers wameongezeka, mtaani wanakuita staa. Yeye mechi yake ya kwanza Ligi Kuu ilikuwa tarehe 12 Julai 2020, ugenini kwa Wolves, uwanja mtupu kwa ajili ya Korona. Aliingia kutoka benchi, na Everton wakafungwa 3-0. Januari iliyofuata akatolewa kwa mkopo kwenda Blackburn Rovers, daraja la pili, chini ya Tony Mowbray, ambaye enzi zake naye alikuwa beki wa kati. Alicheza mechi chache tu. Siwezi kukudanganya kwamba mkopo ule ulimtangaza, maana haukumtangaza. Kuna mikopo inayopita hivyo, na ndiyo maana nitakwambia mbele maswali ya kuuliza kabla hujasaini.

Sasa njoo Desemba 2021. Everton wanakwenda Stamford Bridge, nyumbani kwa Chelsea, na kikosi kilichochakaa kwa majeruhi na wagonjwa, kocha ni Rafael Benitez, na dogo wa miaka 19 anaanzishwa katikati ya ulinzi. Chelsea ndio mabingwa wa Ulaya. Wanashambulia kama mvua ya masika, goli haliingii hadi dakika ya 70, Mason Mount anafunga. Unajua kawaida yake: timu ndogo ikifungwa muda huo, mabega yanashuka, linaingia la pili na la tatu. Dakika nne baadaye Everton wanapata frikiki. Anthony Gordon anapiga, mpira unazama nyuma ya mabeki, na Branthwaite ndiye aliyefika nguzo ya mbali kuugusa nyavuni. 1-1, na ikaisha hivyo. Goli lake la kwanza Everton.

Ungedhani kesho yake amepewa namba ya kudumu. Wapi! Mechi zake za ligi msimu ule zilihesabika kwa vidole. Benitez akafukuzwa Januari, akaja Frank Lampard, na kocha mpya akiwa anapigania timu isishuke daraja, hamjaribu kijana. Nakumbuka uliniambia tatizo lako ni kwamba makocha wanabadilika kila baada ya miezi sita. Mwenzako hajafika miaka 23 alishapita mikononi mwa Ancelotti, Benitez, Lampard, Sean Dyche na David Moyes, ukiacha wale wa muda.

Halafu ikaja siku ambayo mimi naiona ndiyo kubwa kuliko ya Chelsea. Tarehe 15 Mei 2022, Goodison Park, uwanja wa nyumbani wa Everton enzi hizo, Everton na Brentford. Everton wakishinda wanakaribia kabisa kubaki Ligi Kuu. Wameshaongoza 1-0 mapema, uwanja unatetemeka. Dakika ya 18 Ivan Toney anamponyoka Branthwaite akielekea golini, naye anamwangusha. Kadi nyekundu. Itazame tena ile video, ila usiiangalie kadi. Angalia sekunde mbili kabla yake: mahali aliposimama na upande ambao Toney alipitia. Faulo ile ni matokeo tu, kosa lilishafanyika alipochelewa kugeuka. Beki wa kati ukishakuwa nyuma ya mshambuliaji na hakuna mwenzako wa kukufunika, umebaki na njia mbili, zote mbaya.

Everton wakamaliza wamefungwa 3-2. Siku nne baadaye wakacheza na Crystal Palace, yeye amefungiwa, yuko nje anatazama. Mapumziko wako nyuma 2-0. Kipindi cha pili wakarudisha yote na kushinda 3-2, Dominic Calvert-Lewin akifunga la mwisho dakika ya 85, wakabaki Ligi Kuu. Sijui kama kuna mtu pale uwanjani aliyeshusha pumzi kumzidi yeye. Wangeshuka, ile kadi ingemfuata mpaka anastaafu.

Kiangazi hichohicho wakamtoa tena kwa mkopo, safari hii PSV Eindhoven, Uholanzi. Ungekuwa wewe ungesema, “Wamenitupa.” Najua, kwa sababu ndiyo sentensi uliyomwambia mama yako.

Kule alikuta kocha ambaye kazi yake ya uwanjani ilikuwa kuwatesa mabeki: Ruud van Nistelrooy. Mimi naona hiyo ni bahati. Mshambuliaji aliyefunga magoli kama yale anajua hasa beki anapenda kulala wapi. Na PSV si timu ya kukaa nyuma na kubutua. Kwenye ligi yao mechi nyingi wao ndio wenye mpira, mabeki wanasogea hadi mstari wa kati, nyuma yao kuna uwanja mzima wa kukimbizana. Kosa la Brentford, la kugeuka na kukimbia kurudi, pale unakutana nalo karibu kila wiki, iwe mechi kubwa au ndogo. Alicheza zaidi ya mechi 30 msimu ule, wakamaliza wa pili kwenye ligi, na tarehe 30 Aprili 2023 wakachukua Kombe la Uholanzi kwa kuwatoa Ajax kwa penalti.

Hapa tukae kidogo, maana panakuhusu. Beki wa kushoto ya kati mwenye mguu wa kulia akipokea pasi kutoka kwa mwenzake, mpira unaingia ndani, kule kule anakotoka mshambuliaji anayemkimbilia. Inabidi auzungushe, ule muda wa kuuzungusha ndio presha inafika, basi anarudisha kwa kipa au anabutua. Mshoto anaupokea ukiwa upande wa nje, mwili umefunguka, na kwa mguso huohuo anaona mstari wote wa winga wa kushoto. Makocha wanawatafuta watu wa namna hii kwa tochi. Wewe unacho hicho, Mungu kakupa bure, lakini nimekutazama mara ngapi unapokea umeelekea golini kwenu? Hiyo hairekebishwi mazoezini peke yake, na benchi hairekebishwi kabisa. Inarekebishwa na mshambuliaji mwenye njaa anayekuja mbio dakika ya 80 miguu ikiwa imechoka.

Alivyorudi, mambo yakaenda haraka. Alikuwemo kwenye kikosi cha Uingereza cha chini ya miaka 21 kilichoifunga Hispania 1-0 kwenye fainali ya Ulaya Julai 2023. Everton alimkuta Dyche, ambaye hakumpa namba siku ya kwanza ya msimu. Alisubiri kidogo, akaingia kando ya James Tarkowski, na hakutoka tena: mechi 35 za ligi. Ni msimu ule ambao Everton walinyang'anywa pointi 10 kwa kuvunja kanuni za fedha, zikapunguzwa kuwa 6, kisha wakakatwa nyingine 2. Timu iliyokatwa pointi 8 ikamaliza ya 15, na ukiangalia magoli ya kufungwa, 51, ni Arsenal, Manchester City na Liverpool tu waliofungwa machache kuliko wao. Yaani nyuma ya timu tatu za juu, ukuta uliofuata ulikuwa wa timu iliyokuwa inapigania uhai wake.

Na alikuwa anafunga. Dhidi ya Tottenham (Spurs) Februari 2024 alisawazisha dakika za nyongeza. Akawafunga Brighton. Halafu dabi na majirani zao Liverpool, tarehe 24 Aprili 2024, Goodison, dakika ya 27: piga nikupige ndani ya boksi baada ya mpira wa kutenga, mpira ukamdondokea kwenye ule mguu wa kushoto, akaupiga chini chini, kipa wao Alisson akaugusa ukampita. Everton 2, Liverpool 0. Everton walikuwa hawajamfunga Liverpool pale Goodison tangu 2010.

Usidhani basi ikawa raha mstarehe. Gareth Southgate, kocha wa Uingereza wakati huo, alimwita kikosi cha awali cha Euro 2024, tarehe 3 Juni akamwingiza dhidi ya Bosnia, mechi yake ya kwanza timu ya taifa. Siku tatu baadaye jina lake likakatwa. Manchester United wakatuma ofa kiangazi kilekile, Everton wakakataa, na wakaendelea kukataa. Angeweza kununa. Oktoba 2023 alikuwa ameshaongeza mkataba hadi 2027, na Julai 2025 akasaini mwingine hadi 2030. Mtu aliyetolewa kwa mkopo mara mbili, anayejua mlango wa kutokea ulivyo, ndiye klabu isiyotaka kumuuza sasa.

Najua utanijibu kwamba Eindhoven si sawa na huko wanakotaka kukupeleka. Kweli si sawa. Na klabu yako nayo ina lake: kukwambia habari ya mkopo kupitia meneja wa vifaa badala ya kukuita ofisini ni ukosefu wa adabu, hapo niko nawe kabisa. Lakini hasira ya namna ulivyoambiwa usiichanganye na jambo lenyewe.

Kwa hiyo kabla ya dirisha dogo la usajili kufungwa, nenda ukaulize. Huko unakokwenda, nani anacheza beki ya kati kushoto sasa hivi, na kaumia au kauzwa? Kama yupo mzima na kocha anampenda, usiende, nitakutetea kwa mama yako na kwa klabu. Kocha mwenyewe ndiye aliyekuomba au viongozi wameelewana tu kwenye simu? Mshahara analipa nani, na ukichelewa unamdai nani? Klabu yako ina haki ya kukurudisha katikati ya msimu? Watazame wanavyocheza: wanaanza mpira nyuma au kipa anabutua tu? Wakiwa wa kubutua, utarudi na kichwa kikubwa na mguu uleule. Majibu yaandikwe kwenye mkataba, usipewe ya mdomo.

Yakikaa vizuri, saini. Namba ya mwanasheria yule jirani yetu wa zamani anayo mama yako, na ada ya kusoma mkataba nitalipa mimi. Nitumie ratiba ya mechi za nyumbani mapema, tiketi za basi za mwisho wa wiki zinapanda bei na mama yako ameshasema safari hii hakai nyumbani kusubiri matokeo.

Mjomba wako