Umoja wa makanisa uanzie kwenye mafundisho

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie umoja wa Wakristo hapa Malindi. Tumezoea kuupima kwa mikutano ya injili ya pamoja: vipaza sauti, kwaya na mhubiri mgeni. Jumatatu mahema yakishakunjwa, ubishi ni ule ule. Miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie iliyofukuliwa katika msitu wa Shakahola tangu Aprili 2023 imetuonyesha mhubiri asiye na wa kumuuliza anaweza kuwafikisha watu wapi.

Wachungaji wakutane mara moja kwa mwezi, kwa muda wa saa mbili tu, na kitabu kimoja cha Biblia. Waefeso inafaa kuanzia: sura sita, miezi sita. Kila mmoja aeleze kanisa lake linavyoisoma sura hiyo, na katibu aandike safu mbili, tunayokubaliana na tusiyokubaliana. Wenyeji wapokezane. Mfuko wa fedha usifunguliwe mapema. Ushirika mwingi hufia kwenye swali la nani atie sahihi benki.

Ubatizo ndio mtihani. Hati ya Lima ya mwaka 1982, ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni kuhusu ubatizo, Meza ya Bwana na huduma, ilitaja mambo mawili: maji, na Jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Cheti kikionyesha hayo, makanisa mengi hayana sababu ya kumbatiza upya anayehamia kwao kwa ndoa. Wabatisti na Wapentekoste wengi hawatakubali ubatizo wa watoto wachanga. Basi liandikwe kwenye safu ya pili, bila kuviziana.

Meza ya Bwana isiharakishwe. Mwaka 1913, huko Kikuyu, Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti na wenzao walijadili shirikisho la misheni, wakamaliza kwa kushiriki Meza pamoja. Frank Weston, askofu wa Zanzibar, akawashtaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa uzushi. Meza ilitangulia makubaliano kuhusu nani ana haki ya kuiandaa. Kazi yenye lengo moja ilifaulu zaidi: Biblia ya Union Version ya 1952 iliwakutanisha waliosoma kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, na waliosoma kwa Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, na bado tunaisoma.

Juma la Kuombea Umoja wa Wakristo, Januari 18 hadi 25, lingefaa kuanzia. Mwaliko wa kwanza usiende kwa makanisa makubwa ya mjini, ambayo tayari yana maaskofu na sinodi. Uende kwa mchungaji wa kanisa la mabati kule Muyeye au Kisumu Ndogo, aliyeanza peke yake na asiye na mkubwa wa kumrekebisha.

Mwalimu wa Biblia,
Malindi