Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Kina mama washauri walipwe kutoka bajeti yetu

Mheshimiwa Waziri,
Afya House, Nairobi.

Sisi ni watetezi wa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi mitaa ya Eastlands, na tuna ombi moja. Fedha za wafadhili zikiingia serikalini badala ya kupitia mashirika, kina mama washauri na wafuatiliaji, wanaowafuata wagonjwa hadi majumbani, wasiachwe nje.

Mageuzi hayo hatuyapingi. Tangu PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi, ianzishwe mwaka 2003, pesa nyingi zilipitia mashirika yenye wafanyakazi na mifumo yao wenyewe, hospitali za umma zikabaki kama mpangaji katika nyumba yake. Na viongozi wetu wa Afrika waliahidi kule Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kenya haijafika hapo. Ndiyo maana Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, tuliumia upesi mno.

Kilichopotea kwanza hakikuwa vidonge, Mheshimiwa. Walikuwa watu. Katika kituo kimoja cha afya huku kwetu, mama mshauri, ambaye mwenyewe anaishi na virusi, alikuwa na daftari la watoto waliozaliwa na akina mama wenye virusi. Kila mstari mtoto mmoja: kipimo cha wiki sita, cha miezi sita, cha mwaka, na cha miezi 18. Mama akikosa tarehe, alimpigia simu kwa kredo yake mwenyewe. Simu ikiwa imezimwa, alimwendea hadi ploti, amevua kitambulisho cha kituo na kukitia mfukoni, aonekane rafiki tu aliyekuja kusalimia, majirani wasipate la kusema. Kandarasi yake ilipokatizwa, daftari lilitiwa kwenye droo. Muuguzi aliyebaki ana foleni ya wagonjwa wa kila aina mlangoni. Atatoka saa ngapi kwenda kumtafuta mtoto wa wiki sita?

Kazi hiyo haimo kwenye orodha ya watumishi wa kaunti yoyote tunayoijua, na kwa hivyo ni rahisi kuisahau wakati wa kuhesabu. Lakini njia ipo. Wahamasishaji wa afya ya jamii hulipwa shilingi 5,000 kwa mwezi, serikali kuu na kaunti zikigawana nusu kwa nusu. Pesa hizo ni kidogo, tena huchelewa, ila zimo kwenye bajeti. Waingizeni kina mama washauri na wafuatiliaji humo, kwa malipo yanayolingana na ujuzi wao.

Desemba 4, 2025, Kenya ilitia sahihi mkataba wa afya na Marekani mjini Washington: Marekani itoe hadi dola bilioni 1.6 kwa miaka mitano, nasi tuongeze dola milioni 850 zetu. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ilisimamisha kipengele cha kupeana data za wagonjwa. Mvutano huo ungeepukika kama wenye data hizo wangeulizwa mapema, jinsi Katiba inavyotaka. Kwenye bodi ya Mfuko wa Dunia wa Ukimwi, Kifua Kikuu na Malaria, jamii zilizoathirika zina kiti na kura. Mbona nyumbani tusubiri kusoma gazetini?

Wafadhili wenyewe wamepunguza. Novemba 2025 Mfuko huo uliahidiwa dola bilioni 11.34, ilhali ulihitaji bilioni 18. Tunaomba basi uchapishe ratiba ya makabidhiano kaunti kwa kaunti: nani anaondoka lini, nani analipa baada yake, kutoka fungu lipi.

Makadirio ya bajeti hupelekwa Bungeni kufikia Aprili 30. Tungependa kukutana nawe kabla ya tarehe hiyo, na kina mama washauri wenyewe wawemo chumbani.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtetezi wa afya ya jamii, Eastlands, Nairobi