Rehema, hela nimetuma ila si zote

Columbus, Ohio
Jumapili usiku, Januari

Mdogo wangu Rehema,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unaomba dola 300 za mashine ya kukamulia maziwa na makopo sita ya maziwa ya unga, kwa kuwa shemeji anaondoka kwenda Muscat ukiwa na kichanga cha wiki mbili. Nimetuma 160. Usinune kwanza, soma mpaka mwisho.

Ya Shangazi nayo yamenifikia. Eti mimi ndiye niliyekutia ujeuri wa kukataa kwenda Tanga kukaa arobaini, eti sisi wa Marekani tunalea kwa mashine na simu hatupokei. Shangazi anapiga saa 4 asubuhi ya kwenu, huku ni saa 8 usiku. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 usiku na mchana, na kila mara, pamoja na kumbeulisha na kumbadilisha, ni dakika 40 au saa nzima. Apige hesabu mwenyewe aone simu yake inaingia wapi. Na ujeuri sikukutia. Ungeniuliza ningekwambia panda basi uende zako Tanga, Barabara ya Kumi na Mbili, Mama akukande kwa maji ya moto, uletewe uji wa pilipili manga ukiwa kitandani. Huku uji huo nimejipikia mwenyewe, na haukuwa ule. Lakini umeshaamua kubaki Dar, Mbagala, basi tupange kazi.

Mashine huku mara nyingi hulipiwa na bima, ndiyo maana mnaiona kwenye kila picha. Wewe una likizo ya siku 84, mkono unatosha. Nawa kwa sabuni, kanda titi kwa kitambaa cha vuguvugu. Kidole gumba kiwe juu na cha shahada chini, kama sentimita 3 nyuma ya chuchu. Sukuma kwanza kuelekea kifuani, kisha bana, kisha achia. Usivute chuchu wala usitelezeshe vidole kwenye ngozi, maana hapo ndipo watu huumia wakasema kukamua hakuwezekani. Dakika 3 hadi 5 titi hili, hamia la pili, rudi, huku unazungusha vidole, mpaka zitimie dakika 20 au 30. Mwanzoni yatatoka matone tu, usiache. Mnyweshe kwa kikombe kidogo kilichochemshwa, akiwa amekaa wima mapajani, kikombe kiguse mdomo wa chini, anywe kwa ulimi wake. Usimmiminie. Chupa ina chuchu na mikunjo ya kusugua, na saa 9 usiku ukiwa peke yako hutaisugua vizuri.

Utasoma mahali kwamba maziwa ya mama hukaa saa 4 nje ya jokofu. Hiyo ni kwa chumba kisichozidi nyuzi 25, na Mbagala mnazijua nyuzi zenu. Ukikamua weka ndani ya jokofu papo hapo, nyuma kabisa, si mlangoni. Yatakaa siku 4 umeme ukiwepo. Ukikatika kwa muda mrefu usiyahurumie, mwaga.

Makopo sita sikulipia, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Kopo likishafunguliwa lina mwezi mmoja tu. Kila mlo wa kopo ni mlo ambao titi halikuitwa, na titi lisipoitwa hupunguza. Wiki ya tatu utasema maziwa yangu hayatoshi, na kweli hayatatosha. Halafu kopo la mwisho likikaribia kuisha, mtu huanza kuzidisha maji ili lifike mwisho wa mwezi, mtoto akakosa uzito. Maji ya kunywa pia hapana, hata Februari ya Dar, mpaka miezi 6. Kujua kama anashiba, hesabu nepi zilizolowa: siku ya kwanza 1, ya pili 2, na kuanzia siku ya tano 6 au zaidi. Atapungua uzito kidogo siku za mwanzo, lakini ifikapo siku ya 14 awe amerudia ule wa kuzaliwa. Wa kwangu alirudia siku ya 10, sasa ana wiki sita na kilo 4.8, mwambie na Shangazi.

Usiku huandaliwa mchana. Kabla ya magharibi kapu liwe kando ya kitanda: nepi 5, khanga 2, kitambaa, chupa ya maji, tende na korosho, simu iliyojaa chaji, taa hafifu. Chakula kipikwe saa 4 asubuhi, saa ambayo mtoto hulala vizuri. Jioni wengi wao hulia bila sababu, na kilio hicho hupanda mpaka kama wiki ya sita ndipo kishuke. Akilala alale chali, ndani ya chandarua, bila mto. Ukihisi usingizi unakuzidi wakati unanyonyesha, usikae kwenye kochi, huko mtoto hubanwa kwenye mikunjo. Bora kitandani palipoondolewa mito. Na siku utakayohisi hasira inapanda, maana itapanda, mlaze chali mahali salama, funga mlango, kaa uani dakika 10. Atalia, hatakufa kwa kulia. Kumtikisa ndiko kunakoua.

Shemeji mpe kazi. Baba aliye mbali anayeuliza "mtoto anaendeleaje?" mara sita kwa siku anakuongezea kazi ya kujibu. Baba watoto wangu anaendesha lori. Sheria ya huku inampa saa 11 za usukani, kisha saa 10 za kupumzika, na kifaa ndani ya lori kinazirekodi. Kwa hiyo saa yake ya simu inajulikana, na yeye ndiye karani. Mama anatuma neno moja, "kanyonya" au "mkojo", baba anaandika kwenye daftari. Asubuhi daktari akiuliza, baba ndiye mwenye majibu. Muscat ni saa moja tu mbele yenu, shemeji ataweza.

Sasa jambo ambalo watu husahau: ukizimia wewe, nani atajua? Mpe jirani ufunguo. Kila saa 1 asubuhi mtumie neno "tupo". Ikifika saa 2 kimya, aingie. Ukivuja damu mpaka pedi kulowa chapa ndani ya saa moja, au kichwa kikakuuma na macho kuona ukungu, usisubiri simu ya mtu. Mtoto akifika nyuzi 38, akikataa kunyonya, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, akitetemeka mwili, nyayo zikiwa njano, au kitovu kikiwa chekundu chenye usaha, ni hospitali saa ileile. Kadi ya kliniki iwe mlangoni.

Wanja sitaki kugombana na mtu, ila mwingine una madini ya risasi, usimpake. Asali pia hapana, mpaka afikishe mwaka.

Hela igawe hivi. Dola 100 ni za dada wa kufua na kupika siku 40. Hiyo ndiyo mashine unayoihitaji. 10 ni za kipimajoto cha kidijitali. 50 ni za bajaji ya usiku, mtafute dereva anayepokea simu saa 8, na hazikopeshwi, hata kwa kaka Shaaban, ambaye najua ameshasikia zimefika.

Mama mpe shikamoo yangu, anitunzie pilipili manga ya kusagwa kinuni, kuna mtu anakuja Machi. Na Shangazi mwambie apige saa 1 jioni ya kwenu. Huku ni saa 5 asubuhi, mtoto kalala, nitapokea.

Dada yako,
Mama Zuhura