Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kanda, Ratiba na Masafa ya Runinga ya Mombasa

Ndugu wanachama, asalaam aleikum na hamjambo.

Kazi ya mwaka huu kamati iliielekeza zaidi kwenye vipindi vilivyotengenezwa Mombasa kwenyewe, si vile vilivyopita hapa njiani tu. Tofauti hiyo ni ya tangu mwanzo. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962 kwa mtambo wa Limuru uliohudumia Nairobi na viunga vyake. Mombasa ikapata kituo mwaka 1970, chini ya Sauti ya Kenya, nacho kilikuwa na kazi mbili: kupokeza matangazo ya Nairobi, na kutengeneza kwa kiasi kidogo michezo ya kuigiza, muziki na vipindi vya utamaduni wa huku. Kupokeza ndiko kulikokula saa nyingi. Ila kipindi cha Nairobi kikiharibika hapa, huenda nakala iko kwao. Cha Mombasa kikiharibika, basi tena.

Adui mkubwa wa kanda mjini kwetu ni unyevu. Utepe wa video ni unga wa oksidi ya chuma ulioshikizwa kwenye plastiki kwa gundi. Gundi hiyo hunywa maji ya hewani mwaka baada ya mwaka, ikalainika na kunata. Ukiitia kanda kama hiyo mashinani utaisikia ikilia, kisha picha inapotea kwa sababu vichwa vya mashine vinavyosoma utepe vimeziba. Ukishupaa, utatoa kwenye vichwa masizi ya kahawia, na masizi hayo ndiyo picha yenyewe. Kuvu nayo huonekana kupitia kidirisha cha kanda, weupe mwembamba kandokando ya utepe. Kanda yenye kuvu haiingizwi mashine yoyote kabla ya kusafishwa, maana itaambukiza kila itakayofuata.

Utaratibu uliopitishwa ni huu. Kanda husimamishwa wima, wala hailazwi. Huwekwa chumba kikavu kwanza, kisha huzungushwa polepole mpaka mwisho na kurudishwa ili utepe uachane. Baada ya hapo huchezwa mara moja huku ikinakiliwa, kupitia kifaa cha kusawazisha mwendo wa picha. Bila hicho, kompyuta huruka fremu kati ya zile 25 za kila sekunde, na sauti huachana na midomo. Saa moja ya kanda hula saa moja ya kunakili, hakuna mkato. Nakala ya aina ya DV, yaani video ya dijitali iliyobanwa kiasi, huchukua takriban gigabaiti (GB) 13 kwa saa. Isiyobanwa huzidi GB 70. Kamati imechagua isiyobanwa kwa U-matic na Betacam, kanda za kitaalamu za kituoni, na DV kwa VHS, kanda za nyumbani, ambazo picha yake tangu awali haikuwa kali. Nakala ziwe tatu, moja ikae nje ya kisiwa.

Kanda zinazonata huponyeka kwa muda kwa kuokwa kwenye joto la nyuzi 50 hivi kwa saa kadhaa. Tafadhalini, si kwa oveni ya jikoni. Joto lake hupanda na kushuka bila mpango, na gamba la plastiki likijikunja hakuna fundi wa kulinyoosha.

Upande wa vipindi, maoni tuliyowaandikia watayarishaji yalihusu zaidi saa za jioni. Huku kwetu urefu wa mchana haubadiliki sana, lakini jua halizami saa ile ile mwaka mzima: mwezi wa Februari Magharibi huingia karibu saa kumi na mbili na dakika arobaini, na mwishoni mwa Oktoba huingia yapata saa kumi na mbili na robo. Kipindi kilichopangwa saa kumi na mbili na nusu, basi, Oktoba huanza watu wameshaswali, na Februari hukatwa na adhana dakika kumi tu baada ya kuanza. Wapangaji wanaonakili ratiba ya bara hawalioni hili, kisha wanashangaa watazamaji wameenda wapi. Pendekezo letu ni kuacha nafasi ya vipande vifupi vya dakika tano tano, shairi au wimbo wa taarab, ambavyo vinaweza kusogezwa bila kuvunja kipindi kirefu. Ramadhani ina ratiba yake kabisa, na kwa kuwa hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, ratiba ya mwaka uliopita haifai kunakiliwa tarehe kwa tarehe.

Marudio ya tamthilia za usiku pia yaangaliwe: kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku kanuni zinataka vipindi vinavyofaa watoto. Na habari ziwe na lugha ya ishara au maandishi, jambo lililokuwamo katika Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003.

Kuhusu masafa, malalamiko mengi yaliyotufikia ni ya picha kuganda. Tangu analojia izimwe Mombasa mwaka 2015, mawimbi dhaifu hayaleti chenga tena. Picha inakatika vipande, kisha kiza. Kabla ya kulaumu king'amuzi, pandeni juu mtazame kiungo cha kebo kwenye antena. Upepo wa bahari hukifanya kijani. Kateni kebo mpaka shaba ing'ae, fungeni kiungo kipya, kizungushieni utepe wa mpira, na kebo iachwe ining'inie kidogo ili maji yadondoke kabla ya kufika.

Wenye kanda za zamani nyumbani msizijaribu kwanza. Zileteni zilivyo, zimesimama, kwenye bahasha ya karatasi na si mfuko wa nailoni, mkiandika juu yake jina la kipindi na mwaka mkiukumbuka. Kile kijipande cha plastiki mgongoni mwa VHS kiking'olewa, kanda haiwezi kurekodiwa juu yake kwa bahati mbaya. King'oeni kabla hamjatoka nyumbani.