Waendao Limuru kwa baiskeli wajiandae kuteremka

Mhariri,

Jumamosi alfajiri utawaona waendesha baiskeli wakitoka Nairobi kupitia Ruaka, Ndenderu na Banana, wakielekea mashamba ya chai ya Tigoni na Limuru. Hakuna barabara karibu na jiji zinazopendeza kama zile saa hizo: lami nyembamba, chai pande zote mbili, na gari moja moja. Naomba nafasi niwaeleze wanaoanza jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamekwisha kuchubuka. Maandalizi yao yote huwa ya kupanda, ilhali hatari iko kwenye kuteremka.

Kupanda kwenyewe kuna ufundi mdogo tu. Katikati ya jiji ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Limuru, mwendo wa kilomita 30 hivi, umepita mita 2,200. Mito ya Kiambu hutiririka kutoka kaskazini magharibi kwenda kusini mashariki, na kati ya mto na mto kuna mgongo mrefu wa ardhi. Barabara inayofuata mgongo, kama ile ya kutoka Banana hadi Tigoni, hupanda polepole na haikunyang'anyi ulichokwisha kupanda. Inayokata migongo hukutumbukiza mtoni, ikakupandisha ukuta, kisha ikakutumbukiza tena. Kwenye ramani kilomita kumi za huku na kumi za kule zinafanana. Mgeni na afuate mgongo mpaka miguu ikomae.

Gia nazo zihesabiwe kabla ya safari. Baiskeli nyingi za mashindano za mtumba zina meno 39 mbele na 25 nyuma. Zungusha pedali mara moja, baiskeli inasogea mita 3.3 hivi, penye mwinuko mkali miguu hukwama na magoti ndiyo hulipa. Meno 34 mbele na 34 nyuma hukusogeza mita 2.1, nawe unapanda huku ukiweza kuzungumza. Lakini usinunue meno ya nyuma bila kumuuliza fundi, kwa sababu mkono wa gia ya nyuma, ule unaohamisha na kukaza cheni, ukiwa mfupi mara nyingi huishia meno 28. Ukiulazimisha, cheni hukaza, au mkono huvutwa ndani ya spoki na safari inaishia hapo. Mwenye baiskeli ya Black Mamba isiyo na gia ashuke aisukume bila kuona haya. Wanaobeba nyasi za ng'ombe hufanya hivyo kila siku.

Sasa mteremko. Jambo la kwanza ni kujua mkono upi unashika breki ya mbele. Baiskeli za mtumba kutoka Uingereza kwa kawaida huwa nayo mkono wa kulia. Za kutoka Ulaya bara na Marekani, mkono wa kushoto. Aliyebadilisha baiskeli bila kubadilisha mazoea hubana ile asiyoikusudia wakati ule ule anapohitaji uhakika.

Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha baiskeli, kwa kuwa uzito mwingi huja mbele unapopunguza mwendo. Wanaoiogopa hutegemea ya nyuma peke yake, gurudumu linafunga, linateleza, na mtu anakwenda chini kwa ubavu. Sukuma makalio nyuma ya kiti, kaza mikono kiasi, kisha bana ya mbele taratibu ukiongeza nguvu. Usibane kidogo kidogo mteremko mzima. Breki za mpira zinazokamata rimu hulipasha moto, hewa ndani ya tyubu hutanuka, na tairi laweza kupasuka ukiwa katikati ya kona. Bana kwa nguvu sekunde mbili tatu ukiwa umenyooka, achia ipoe, bana tena. Kasi imalizwe kabla ya kona. Ndani ya kona mguu wa upande wa nje uwe chini, na macho yatazame unakotaka kutokea. Ukilitazama shimo, utaliingia.

Mvua ikinyesha, rimu huvaa maji na mzunguko wa kwanza au wa pili haushiki kitu. Gusa breki mapema ili mpira uyafute. Ukifika nyumbani toa mipira hiyo uichunguze: udongo mwekundu wa Limuru huwa na chembe za mchanga zinazojichimbia ndani ya mpira na kuikwangua rimu kama msasa. Zichokoe kwa ncha ya kisu. Mpira ulioisha hadi kwenye mstari wa kiwanda utupwe, na waya wa breki unaoruhusu mkono wa breki kugusa usukani ukazwe au ubadilishwe. Hii ni kazi ya dakika kumi, na inasikitisha kuona watu wakinunua kofia ya bei ghali kisha wakaiacha kazi hii.

Kwenye tairi, ukubwa wa milimita 28 unafaa kuliko 23 kwa barabara zetu. Mtu wa kilo 75 ajaze hewa ya pauni 70 hivi (PSI). Ukitoboka na tyubu ikawa na matundu mawili sambamba, hilo si kosa la mwiba. Hewa ilikuwa kidogo na shimo likaibana tyubu dhidi ya rimu. Tundu moja ni kitu kilichochoma, mara nyingi uzi mwembamba wa chuma uliotoka kwenye tairi la lori lililopasuka. Pitisha kitambaa ndani ya tairi mpaka kinase, kisha ukichomoe kilichochoma. Usipofanya hivyo, tyubu mpya haitamaliza kilomita.

Matuta ndiyo hunifanya nikuandikie, Mhariri. Mengi hayana rangi, na yaliyo karibu na shule na masoko huwa mahali ambapo baiskeli imeshika kilomita 40 kwa saa. Mpanda baiskeli asimame juu ya pedali zikiwa sawasawa, magoti na viwiko vikiwa vimelegea, na aachie breki kabla gurudumu la mbele halijagusa tuta. Lakini tuta lisiloonekana halina ufundi. Naomba wanaosimamia barabara hizi wayapake rangi nyeupe na waweke kibao kabla ya kila moja. Vilevile, baada ya mvua, wafagie changarawe inayoteremshwa kwenye lami kutoka njia za mashambani. Ukiikuta, usibane wala kugeuza usukani juu yake, pita umenyooka.

Wachumaji chai hutembea kando ya lami na hawasikii baiskeli ikija, kwa hiyo kengele ni lazima, tena uipige kutoka mbali. Lori za majani mabichi huongezeka mchana. Bora uwe umekwisha kuteremka kabla ya saa sita.

Juni hadi Agosti ukungu huwa mzito kule juu. Washa taa ya nyuma hata kama saa ni nne asubuhi. Baridi haikusumbui unapopanda, kwa vile unatoka jasho. Dakika tano za kuteremka na shati bichi zinatosha kukufisha ganzi vidole mpaka breki zikushinde. Beba glavu na koti jepesi. Asiye na koti anunue gazeti Limuru, alikunje mara mbili alitie kifuani chini ya shati. Waendesha baiskeli wa mashindano walifanya hivyo kwa miaka mingi kwenye milima ya Ulaya, na upepo haulipiti kwa urahisi.

Mwendesha baiskeli,
Kangemi, Nairobi